Risasi za Jeshi la Zamani

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, upande wa Tumba, huku Uswidi. Nawapashia chakula moto, nawavisha soksi zile za kubana miguu, nawapa vidonge vyao, na kabla sijatoka naandika kwenye simu ya kazi kwamba nimefika na nimeondoka. Kwa miaka kumi na mmoja nimeombwa mengi ambayo hayamo kwenye orodha: kubadili taa ya jikoni, kumwandikia barua dada aliyeko Finlandi, hata kumzika paka. Lakini Jumanne moja ya mwezi wa pili, mzee mmoja aliniomba nimsaidie kutafuta risasi.

Alikuwa na miaka themanini na saba. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa. Aliishi ghorofa ya tatu, peke yake, na chumbani mwake kulikuwa na kabati la chuma ambalo sikuwahi kuliona limefunguliwa. Nilijua lina nini ndani. Picha ukutani zilimwonyesha akiwa kijana, amelala kifudifudi kwenye majani, bunduki begani. Alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha tangu utoto wake, na alikuwa na kibali halali cha bunduki moja tu, ya kijeshi, iliyoundwa kabla baba yake hajazaliwa.

Alinieleza shida yake kama mtu anayeeleza kuhusu bomba linalovuja. Mwezi wa tano klabu yao hufanya shindano la bunduki za kale. Risasi alizokuwa nazo zimekwisha. Macho yake ya mbali bado yalikuwa mazima, lakini maandishi ya karibu yalimchezea, na gari alikuwa amekwisha kuacha kuendesha. Je, ningeweza kumsomea matangazo ya watu wanaouza?

Nilimjibu kwamba mambo ya risasi sitaki kuyagusa. Nadhani nilisema kwa ukali, kwa sababu aliomba radhi mara mbili, na nilipokuwa nikivaa viatu mlangoni aliomba tena.

Wiki mbili hakulitaja. Kisha siku moja nikamkuta ameinama juu ya jarida la walenga shabaha akiwa na lenzi mkononi, machozi yakimtoka kwa kukaza macho. Alikuwa amenakili namba ya simu kwenye bahasha. Tarakimu mbili alikuwa amezigeuza, na asubuhi ile alikuwa amempigia daktari wa meno wa mji mwingine mara mbili. Nikavuta kiti nikakaa.

Tulianza hivyo. Kila nilipomaliza kazi zangu na dakika zikabaki, nilimsomea matangazo. Nilimwuliza kwa nini ahangaike na risasi za jeshi wakati dukani zipo.

"Bunduki hii ilipimwa kwa risasi zile," alisema. "Za dukani zinapiga juu ya shabaha. Na bei yake ni ya watu wenye mshahara, siyo ya wenye pensheni."

Zamani, aliniambia, jeshi lilipoacha bunduki za aina ile, risasi zilizobaki kwenye maghala zilipelekwa kwa vilabu kwa bei ya kutupa. Watu walidhani hazitakwisha. Sasa zimekwisha. Tulipiga simu mahali pengi. Mtu mmoja alikuwa ameuza jana yake. Mwingine alikaa kaskazini, safari ya siku nzima. Katibu wa klabu jirani alisema zao za mwisho walizipiga kiangazi cha mwaka juzi, tena akazisifu kama mtu anayemsifu marehemu.

Katika siku hizo ndipo aliponieleza kuhusu baba yake. Miaka ya vita kuu ya pili baba yake alilinda mpaka wa Norway akiwa na bunduki ya aina ileile, na jeshi lilipoziuza akanunua moja, ndiyo hii aliyomwachia. Hakuwahi kumlenga mtu, si mara moja. Kila Krismasi, kabla ya chakula, alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo peke yake, si kwa afya wala kwa mavuno. Mimi nilikuwa nikimsikiliza huku nikikunja mataulo, na taulo moja nililikunja mara tatu.

Mwisho wa mwezi wa tatu mama mmoja mjane, aliyepewa namba ya mzee na katibu yule, alipiga simu. Alikaa shambani upande wa Grödinge. Mumewe aliyekuwa mlenga shabaha alikuwa amefariki kabla ya Krismasi, bunduki zake zilikuwa zimekwisha kushughulikiwa kisheria, lakini sanduku moja la risasi lilikuwa bado limefungiwa chini ya nyumba, na alitaka limtoke, mtu mwenye kibali alichukue. Nilimweleza msimamizi wangu. Akasema siku yangu ya mapumziko ni yangu, mradi nisipokee malipo.

Tulikwenda Jumamosi. Mzee alikuwa amevaa tai. Kibali chake alikuwa amekitia mfuko wa ndani wa koti, na njiani alikipapasa mara nyingi kuhakikisha kipo. Mama yule alitukaribisha kahawa na mkate wa iliki, akakisoma kibali taratibu kuanzia juu mpaka chini, akaandika kwenye karatasi jina na idadi, wote wawili wakatia saini. Bei aliyoitaka ilikuwa ya pakiti mbili za dukani, kwa sanduku zima. Mzee alitaka kuongeza, mama akakataa. Alisema mumewe angependa zipigwe, zisitupwe.

Kisha akatushusha ngazi za mbao hadi chini ya nyumba, akafungua kabati, akaniashiria. Sanduku lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijani, na pande zote mbili lilikuwa na vishikio vya kamba. Niliinama nikashika kamba na kulinyanyua.

Sijui nieleze vipi. Halikuwa zito. Nimewahi kunyanyua mizigo mizito zaidi ya ile, hata watu wazima nawanyanyua kila siku. Lakini mikono yangu ililitambua kabla yangu mimi. Nililirudisha chini nikakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa mawe, na pumzi ikawa haifiki.

Mama yule alikimbilia maji. Mzee alijiinamisha kwa shida akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akaniuliza kama ni moyo. Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliwahi kubeba sanduku kama hili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kaka yangu mkubwa ishirini na tatu. Tulikuwa tunatoka sokoni, barabara ya kushuka mjini kwetu Uvira, tukakutana na watu wenye silaha. Waliwachagua wanaume wenye nguvu, wakatutwika masanduku ya risasi, tukapandishwa milimani. Siku mbili tulitembea. Kaka yangu alikuwa ametoka kuugua malaria. Siku ya pili, mahali pa kuvuka kijito, aliweka sanduku lake chini akasema hawezi tena. Walinigawia nusu ya mzigo wake, nyingine wakampa mtu wa nyuma yangu, wakaniamuru niendelee kutembea. Niliendelea. Yeye aliniita kwa jina, mara moja, wala si kwa kelele. Sikugeuka. Huko nyuma sikusikia mlio, au niliusikia nikaukataa, mpaka leo sijui. Usiku wa tatu nilitoroka. Nyumbani nilimwambia mama kwamba kaka alikimbia kwa njia nyingine, na kwamba atakuja. Mama alimngoja miaka tisa, akafa akimngoja. Matanga ya kaka hayakuwekwa, maana aliye hai haliliwi.

Hayo yote niliyasema kwa Kiswidi, lugha niliyojifunza nikiwa mtu mzima, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu nisiyemjua. Kwa Kiswahili sikuwahi kuyasema. Mke wangu alijua tu kwamba nilikuwa na kaka aliyepotea vitani.

Mama alikuwa amesimama na glasi ya maji, hakuthubutu kuileta.

"Twende nyumbani," mzee alisema hatimaye. "Zibaki hapa. Sizihitaji."

Nilimwambia anazihitaji, tumezitafuta mwezi mzima na zaidi. Nikainuka. Nilipotaka kulishika tena sanduku, akanizuia kwa kiganja, akashika kishikio kimoja yeye mwenyewe, mkono wake ukitetemeka kwa uzee, kama siku zote. Mimi nikashika kingine. Tulipanda ngazi moja moja, tukipumzika kila baada ya ngazi mbili, na mama yule alitutangulia akishika mlango. Ilituchukua muda mrefu ajabu.

Shindano lilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tano, miti ya mibetula ikiwa imeanza kuchipua. Nilimpeleka kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpeleka, nikamwambia nitangoja garini. Nilifunga madirisha, nikawasha mahubiri kwenye simu. Mlio wa kwanza uliposikika niliongeza sauti ya simu. Wa pili pia. Baada ya hapo niliona kujificha ni kubaya kuliko kuona, nikashuka. Mwanamke wa klabu, mwalimu wa shule, alinipa vikinga masikio akanionyesha pa kusimama, nyuma ya kamba.

Mzee alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kama kwenye zile picha zake. Viwiko vikiwa ardhini, mikono haikutetemeka sana. Risasi ya kwanza haikulipuka, wala ya pili. Ulisikika tu mgongano mdogo wa chuma kwa chuma, kisha kimya. Msimamizi wa shindano alimwamuru asiifungue bunduki, aielekeze mbele angoje, maana risasi iliyozeeka huweza kuchelewa kulipuka. Wote tulingoja. Ndege mmoja aliimba kwenye miti. Kisha mzee akafungua, akaitoa ile mbovu ya pili, akaiweka pembeni kwa uangalifu, akatia nyingine, na hiyo ikalia.

Kati ya risasi ishirini, nne hazikulipuka. Alikuwa wa nane katika watu kumi na mmoja. Njiani alisema, "Wa nane," tukapita vituo viwili vya basi, akasema tena, "Wa nane."

Mimi nilikaa na jambo langu majuma matatu zaidi. Halafu jioni moja, watoto wakiwa mazoezini, nilimweleza mke wangu. Hakunilaumu wala hakunifariji, alinishika tu mkono akaniambia nimpigie dada yangu Uvira. Ndiye peke yake aliyebaki wa tumbo letu. Nilimpigia siku ya pili, nikamwambia ukweli wote, pamoja na ule uongo niliomwambia mama. Dada alikata simu. Siku nne hakupokea. Siku ya tano alipiga mwenyewe.

"Tutamwekea matanga," alisema. "Sisi huku, na wewe huko. Siku ileile."

Sikuuliza kama amenisamehe, naye hakusema. Alinitumia picha ya kaka, ya pekee iliyopo, amesimama kando ya baiskeli, nikaichapisha kwenye maktaba ya Fittja.

Tulikodi ukumbi mdogo Hallunda, Jumamosi mchana, mwezi wa tisa. Walikuja watu wa Bukavu na wa Uvira, Warundi tunaosali nao, na Mkenya mmoja ninayefanya naye kazi. Wanawake walipika sombe ya majani ya mihogo, na bugali na samaki. Tuliimba, mchungaji akasoma, na mimi nikasimama nikaeleza kaka yangu alikufa vipi, kwa Kiswahili, mbele ya wanangu. Kilikuwa kigumu kuliko Kiswidi. Kuna maneno ambayo kwa Kiswidi yalikuwa maneno tu.

Mzee alikuja kwa teksi ya manispaa ya wasiojiweza. Mwezi wa nane alikuwa ameanguka bafuni, na tangu hapo alitembea na kigari cha kuegemea. Alikuwa amekwisha kukirudisha kibali chake kwa hiari. Bunduki aliichukua yule mwalimu, mwenye kibali chake mwenyewe, pamoja na risasi zilizobaki. Aliniambia hayo kwa ufupi, kisha akakaa karibu na dirisha akiwa na suti nyeusi, hakuelewa neno lolote, na alikaa mpaka mwisho. Sombe alikula yote.

Watu walipoanza kukusanya viti, binti yangu alinijia akaniuliza kwa Kiswidi baba mkubwa alikuwa mtu wa namna gani. Mzee alisikia, akageuza kiti chake kutuelekea. Nilifikiri kidogo. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemkumbuka kwenye kile kijito tu, kana kwamba hakuishi siku nyingine. Nikawaambia alikuwa fundi baiskeli. Nikawaambia alipiga mluzi vibaya, wimbo mmoja kutwa nzima, hata majirani wakamsihi ajifunze wa pili. Binti yangu alicheka, akataka nimwambie na mengine, na nikaona kwamba ninayo.