Kusimamisha Ndege Juu ya Sapiwi

Walisema sitashika usukani wa ndege maisha yangu yote. Mwalimu wa fizikia alitangaza mbele ya darasa kwamba mimi nitashika mpini wa jembe, na akatilia shaka kama hata huo nitaushika vizuri. Fundi wa gereji iliyo nyuma ya stendi ya Bariadi, ambaye nilimwoshea vipuri wakati wa likizo, alisema marubani hulelewa kwa maziwa ya kopo, si kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Shangazi yangu wa Migato, dada wa baba, aliyenilea miaka minne, alitumia maneno machache zaidi: "Wewe kwenye mteremko wa baiskeli tu unafumba macho."

Wote watatu wako hai, wanaweza kuulizwa. Nataka ijulikane nilianzia wapi.

Sikubebwa na mtu. Pamba ya baba ilinilipia nauli hadi Mwanza, na kuanzia hapo nimejibeba mwenyewe. Niliuza vocha, nikajifunza kufungua simu na kuzifunga zikiwa nzima, nikapata mkataba wa kupanga masanduku kwenye ghala huko Ulaya, nikasoma jioni kwa fedha yangu hadi nikapata stashahada ya elektroniki. Leo imo kwenye fremu ya kioo dukani kwangu Bariadi mjini, mahali ambapo mteja huiona kabla hajaniona mimi. Nimeiweka hapo makusudi.

Urubani ndio haukupatikana. Karibu na ghala letu kulikuwa na shule ya marubani, na kila Jumamosi nilisimama kwenye uzio nikitazama vindege vyao vyeupe vikipanda na kushuka. Saa moja tu ya mafunzo ingekula mshahara wangu wa wiki nzima. Nikanunua kompyuta iliyotumika, usukani wa plastiki na programu ya kuigiza urukaji.

Wenzangu wa mtandaoni waliokuwa na programu ile walishindana kutua kwenye viwanja vikubwa vya dunia. Mimi nilipaa Mwanza, nikafuata ukingo wa ziwa, nikakata kulia Lamadi, nikaja kwetu. Ziwa lilikuwepo. Barabara ilikuwepo kama uzi. Lakini Simiyu yote ilikuwa kitambaa cha kijani kisicho na nyumba hata moja. Kwa walioitengeneza, kwetu hakuishi mtu. Iliniuma, nikajifunza kupanda nyumba. Majira yote ya baridi nilijenga mji wetu wa Sapiwi kwa kumbukumbu: nyumba tatu, zizi la duara, ua wa minyaa, lambo la kunyweshea ng'ombe, jiwe kubwa nyuma ya choo. Ulipokamilika nilirusha ndege hadi juu yake, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, kile nilichokiweka kwenye usukani, usawa wa kidole gumba.

Ndege ikaganda hewani. Mlio ukakatika. Nikachemsha chai, nikarudi, nikakaa nayatazama yale mapaa mpaka chai ikaisha. Nilifanya hivyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mara moja nilimpigia mama simu nikiwa nimening'inia hivyo.

"Mayu, niko juu yenu hapa."

"Juu wapi?"

"Juu ya mji. Naliona zizi."

"Basi shuka ule," alisema mama. "Ugali umeiva."

Niliporudi nchini nilikuja na kompyuta, lakini chumba cha rubani ilibidi nikiunde hapa, nyuma ya duka, kwa vitu vya kuazima. Fundi wa gereji, yuleyule, alinipa kiti cha dereva cha pikapu iliyokufa. Jirani anayechaji simu za watu alinipa betri ya sola, maana umeme ulipokatika ndege yangu ilitoweka angani pamoja na mimi. Kwaya ya kanisani ilinipa sabufa, nikaifunga chini ya kiti ili injini itetemeshe mgongo. Shangazi alinipa pedeli ya cherehani yake, ambayo mkanda wake ulikuwa umekatika. Nikaigeuza ikawa inayumba kushoto na kulia, kama pedeli za kuongozea mkia. Usukani niliuvuta kwa mipira ya tyubu za baiskeli ili uwe mzito. Jumapili sabufa ilirudi kanisani, nami nikaruka bila sauti.

Hakuna aliyewahi kuunda kitu kama kile Bariadi. Ndege ilipoinama, watazamaji walishika ukuta. Mnunuzi mmoja wa dengu alikataa kukaa kitini mpaka kwanza ampigie mkewe.

Kisha mpunga ulipokaribia kuvunwa, ndege ndogo ya kweli ilikuja Bariadi kutafuta mazalio ya kwelea kwelea, vile videge vinavyoshuka shambani kama moshi na kuondoka na mavuno. Rubani wake aliingia dukani na kompyuta kibao isiyochaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, Mgogo wa Dodoma, na mara tulipoulizana kwetu tukawa watani, kama ilivyo desturi ya makabila yetu.

"Ukiniulia hii, mtani, nitachukua ng'ombe wote wa kwenu."

"Chukua, kapteni. Wakifika Dodoma watakufa kiu, nani atakuwa amepata hasara?"

Nilipokuwa nabadilisha tundu la chaji alichungulia nyuma ya pazia. "Hii nini?"

"Ndege."

"Inaruka?"

"Kila siku."

Akataka kuona. Nikapaa, nikazunguka kiwanja, nikatua kwa ulaini ambao hata leo najivunia. Hakupiga makofi.

"Unajua vitu," alisema. "Hatua za kabla ya kuwasha injini umezitaja vizuri kuliko wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Ila miguu yako imelala. Na macho yote yako kwenye mita, kama mtu anayesubiri basi akitazama saa."

"Mita hazidanganyi, kapteni."

"Hazidanganyi. Zinakwambia kilichokwisha kutokea."

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Nipeleke," nilisema. "Mara moja tu. Nishike ya kweli juu ya kwetu." Alicheka, akalipa, akaondoka. Nikabaki naikodolea macho fremu yangu ukutani, nikiona aibu kwamba mtu mwenye stashahada ameomba kama mtoto anavyoomba pipi. Lakini hamu yote ya kule kwenye uzio ilikuwa imerudi, na usiku ule sikuweza hata kuiwasha ile ndege yangu.

Kesho yake akapiga simu. Mwenzake wa kuhesabu miti yenye viota alikuwa amelazwa kwa malaria, alihitaji macho mengine mawili, na wakubwa wake walikuwa wamekubali. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi," alisema. "Na usinywe chai ya maziwa."

Nikampigia mama. "Mayu, kesho asubuhi toka nje."

"Unakuja na basi lipi?"

Kwenye kiwanja cha nyasi walilazimika kufukuza mbuzi mara mbili. Nilipofunga mkanda, kila mita na kila swichi iliyokuwa mbele yangu niliijua. Hapo sikuwa nimedanganywa hata kidogo. Mshale wa mwendo ulipanda kama wa kwangu, mshale wa kimo vilevile. Nitaitetea programu ile mbele ya mtu yeyote. Lakini sabufa hutetemesha mgongo tu, na injini ile ilitetemesha meno yangu, kioo na chai kavu niliyokunywa. Tulipoachana na ardhi tumbo langu lilibaki chini kidogo, likatufuata baadaye. Halafu harufu ikaingia kwenye matundu ya hewa, moshi wa mavi ya ng'ombe ambao watu huuwasha mazizini. Nilikuwa nimepita juu ya Simiyu mara zisizo na hesabu, na sikuwahi kuisikia ikinuka.

"Kwenu wapi?" aliuliza kapteni ndani ya vipokea sauti.

"Sapiwi. Mbele, upande wangu."

"Basi chagua. Utazame kwenu, au ushike usukani. Vyote viwili kwa siku ya kwanza hutaweza."

"Nitaweza."

"Chagua, mtani."

"Nashika."

"Haya, wako."

Niliushika. Mipira yangu ya tyubu ilivuta kwa nguvu ileile siku zote. Usukani huu ulikuwa na kitu hai upande wa pili, kama kamba yenye ndama: ukivuta naye anavuta, ukilegeza anakunusa mkono. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Na kwetu sikupaona. Nilitafuta lambo kubwa nililolijenga kwenye kompyuta, na chini kulikuwa na dimbwi kama beseni. Mimi nililipima kwa miguu ya mtoto anayeswaga ng'ombe. Nilitafuta lile jiwe, likawa mojawapo ya kokoto nyingi. Mabati niliyomnunulia mama yaling'aa katikati ya mabati mengine yote ya Sapiwi. Ndipo mtu akatoka kwenye uwazi wa ua wa minyaa akikimbia. Alikimbilia upande usio wetu, ule ulikotangulia mlio, akasimama, akageuka, akatuona. Akaivua kanga nyekundu ya begani na kuipunga kwa mikono miwili.

Kidole changu gumba kikabonyeza. Hakikuniuliza, kilibonyeza pale kilipozoea, kwa nguvu, na kikabaki kimebonyeza. Nikasema, "Mayu."

Hakuna kilichosimama. Kitufe kile kwenye ndege ya kweli ni cha redio. Nilipokiachia, sauti ya mwanamume, rubani wa ndege nyingine sijui iliyokuwa wapi, ikauliza masikioni mwetu, "Nani huyo anamwita mama yake?"

"Mtani, usikibonyeze tena," alisema kapteni.

Nilikuwa nimekwisha kuilaza ndege kulia ili niendelee kumwona, kwa mikono tu, na pua ikateleza kushoto kama pikipiki kwenye tope. "Miguu! Miguu!" Nikakanyaga. Ilipotulia, Sapiwi ilikuwa nyuma ya mkia. Nilikuwa nimemwona mama kwa muda wa kukohoa mara mbili.

"Turudi," nilisema.

"Mafuta si yetu." Akauchukua usukani, taratibu, bila kunicheka. Baadaye kidogo akaongeza, "Amekuona, lakini."

Tulihesabu miti Kalemela, karibu na ziwa, kisha tukakata kwenda Migato kutafuta mazalio mengine. Jua lilikuwa limepata nguvu. Juu ya udongo mweusi hewa ilitusukuma, juu ya mabonde ilituachia, naye alizunguka sehemu moja mara nne. Mizunguko yote minne kichwa changu kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki.

Baada ya hapo, kwa wiki tatu, nilijaribu kukileta kile nilichokipata angani ndani ya chumba cha nyuma. Nililegeza tyubu, nikazifunga upya. Niliifundisha miguu yangu kazi. Niliweka feni ya kunipuliza usoni. Nilichoma mavi ya ng'ombe kwenye kopo, wateja wakakimbia, na jirani akaja na ndoo ya maji. Ndege yangu haijawahi kufanana na ya kweli kama wiki zile. Nasema hivyo kama mtu aliyeshika zote mbili.

Mwishowe nikamweka mama. Programu ina watu wa kupanga. Nikachagua mwanamke, nikamsimamisha mbele ya ua wa minyaa, nikampaka kanga nyekundu kwa mkono wangu. Nikapaa, nikafika, nikabonyeza kitufe. Ndege ikasimama vizuri kabisa. Nilikuwa na muda wote nilionyimwa. Nilimtazama na yeye akatazama mbele, mikono imelala ubavuni. Nikaachia kitufe, nikazunguka, nikarudi. Mikono ilikuwa palepale. Nikazima, nikatafuta bisibisi.

Nilikodi guta asubuhi na kwa siku moja nikamrudishia kila mtu chake. Sina deni la fedha kwa yeyote, na kufikia jioni sikutaka kuwa na la kitu chochote. Jirani alipata betri yake, kwaya ikapata sabufa. Fundi wa gereji alikikagua kiti kama anayenunua ng'ombe.

"Kwa hiyo ulishika?"

"Nilishika."

"Dakika ngapi?"

"Saba."

"Saba ni nyingi," alisema. "Pikapu ya kiti hiki ilikufa kwa moja."

Kote huko nilisimulia safari yangu bila kuitaja bahasha.

Shangazi nilimfikia mwisho, Migato, jua likiwa linaelekea kuzama. Alipokea pedeli, akaifuta kwa upindo wa kanga. Alikuwa amekwisha kununua mkanda mpya.

"Siku ile ulipita hapa," alisema. "Nilikuwa nakamua. Nilisimama nikakunyanyulia kibuyu, kila mlipozunguka. Uliniona?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ningeweza kumtajia rangi ya ng'ombe, maana namjua.

"Sikukuona, shangazi. Nilikuwa natapika."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akaketi chini, pedeli mapajani, akajifuta macho kwa ile kanga yenye vumbi. "Mara nne!" alisema. "Nimenyanyua kibuyu kwa mtu anayetapika!" Aliponyamaza alikuwa mpole. "Ungesema tu umeniona. Ningejuaje?"

"Usingejua."

"Haya, shika huku," alisema, akanipa upande mmoja wa pedeli, tukaanza kuifunga mahali pake. "Na unisimulie yote tangu mwanzo. Na huko kutapika usikuache."

Nikaanza na wale mbuzi wa kiwanjani.