Maikrofoni Thelathini na Mbili

Masikio, fundi wa vipimo kiwandani, alipewa jina hilo kwa sababu alisikia beringi mbovu kabla ya mashine kulalamika. Sifa zilimlevya, na mlevi wa sifa hana mganga.

Siku moja pampu mbili zilizokaa bega kwa bega zikatoa ngurumo mbaya. Ya kushoto aliisimamia mke wa kaka yake. Meneja alitaka kujua mbovu ni ipi, ili aliyezembea aende nyumbani. Masikio akaleta ubao wa mita moja wenye maikrofoni nane, wa kupima ngurumo inatoka upande gani. Jibu likawa halieleweki. Watu walikuwa wanamtazama, basi akaongeza maikrofoni hadi thelathini na mbili, ubao ni uleule. Kipimo kikaegemea kushoto kidogo, naye akakishika hichohicho.

Kichekesho ni kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wenzake ubaya wa jambo hilo. Wimbi la ngurumo nzito lilikuwa na urefu wa karibu mita saba. Ubao wa mita moja hulionja kidogo tu, na ukiujaza maikrofoni hata mia, kila moja itarudia maneno ya jirani yake. Ukitaka habari mpya, panua eneo la kusikilizia.

"Mashahidi thelathini na wawili, meneja," akasema kwa kujiamini. "Wote wanasema kushoto."

Watu wakapiga makofi. Shemeji yake akapewa barua ya kufukuzwa siku hiyohiyo.

Pampu ya kushoto ilipofunguliwa, ilikuwa nzima kabisa. Beringi iliyokatika ilikuwa ya kulia. Masikio akaenda kwa kaka yake, akamkuta shemeji anaanika nguo.

"Shemeji, pole. Mashine ilinidanganya."

Mama yule akakamua shati polepole. "Nilikuwepo pale. Zile nane za kwanza zilikwambia nini?"

"Hazikusema kitu cha maana."

"Na hizo ulizoongeza, ulijua hazitasema zaidi?"

Masikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka yake alikuwa mlangoni, anasikiliza.

"Nilijua," akasema.

"Basi pole yako rudi nayo. Kamwambie meneja hivyohivyo, mbele ya walewale waliokupigia makofi."

Alikwenda, akasema. Jumatatu mama yule alirudi kazini. Wakikutana langoni mwa kiwanda humsalimia vizuri tu, lakini hamwiti tena shemeji. Humwita fundi.