Swali Zuri Sana

Jirani yangu wa Walthamstow, mtaa wa London, muuguzi mstaafu kutoka Pemba, ana hisa chache katika kampuni ya sabuni. Wiki iliyopita alinipeleka kwenye mkutano wao wa mwaka. Mwenyekiti alieleza kwamba plastiki inayofika baharini inatokana na wateja wanaotupa ovyo. Jirani akanyanyua mkono, akapewa maiki.

"Bwana mwenyekiti, hapa London mnatuuzia chupa ya kujaza upya. Kwetu Pemba mnauza vipakiti vya kutumia mara moja, na gari la taka halifiki kijijini. Dada yangu avitupe wapi, kama si baharini?"

"Miundombinu ya kule ni changamoto, bibi. Si rahisi kuvifikia vijiji."

"Mbona sabuni yenu imefika?"

Ukumbi ukacheka. Jirani hakucheka. Alibaki amesimama, maiki mkononi, akingoja. Mwenyekiti akapekua karatasi zake, akasema, "Hilo ni swali zuri sana," kisha akamwita muulizaji mwingine.

Kwenye treni ya kurudi aliniuliza kama nimesikia jibu. Nikamwambia hapa swali likishasifiwa, ujue jibu halipo.

"Basi mwakani nitaliuliza hilohilo," akasema, "mpaka wachoke kulisifu."