Tairi la Kushoto Nililoliacha Nusu

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi nilipozima kompresa kabla ya wakati wake. Wasomaji wenzangu, sitawaambia kwamba shetani alinipitia. Nilijua ninachofanya, na nilijua kitakachofuata.

Nilikuwa fundi katika yadi ya kukodisha trekta hapa Juba, karibu na bandari ya mto. Miaka ile, baada ya amani kusainiwa, watu walikuwa wanarudi na kujenga, na sisi tuliokulia ukimbizini Kenya tulipata kazi haraka. Ufundi sikuusomea chuoni. Niliusoma mwenyewe kwenye vitabu vinavyokuja na mitambo, ukurasa baada ya ukurasa, na ndiyo sababu pale yadini waliniita Ustaz, yaani mwalimu. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyokubali.

Kisha akaja Okello kutoka Gulu, Uganda. Dereva na fundi, mcheshi, mwepesi wa mikono. Mwezi haukuisha, mwenye yadi, ambaye sote tulimwita Mudir, akawa haanzi jambo bila kuuliza Okello yuko wapi. Zamani aliniulizia mimi. Mnaweza kucheka, lakini swali lile lilikuwa linanikata kila asubuhi.

Wiki hiyo Mudir alileta wachomeleaji waweke matangi ya maji juu ya lango la banda. Wakachomelea boriti ya chuma kutoka nguzo hadi nguzo, wakapandisha matangi, wakayajaza, wakalipwa, wakaenda zao. Hakuna aliyekumbuka kwamba trekta kubwa, ile yenye kebini, ilikuwa bado ndani ya banda ikisubiri vipuri. Na siku ile ya kompresa ilitakiwa kupeleka trela la saruji Nesitu, nje ya mji.

Nilikuwa wa kwanza kupima. Paa la kebini lilizidi boriti kwa vidole vinne. Nikamfuata Mudir kwenye chai yake, nikamweleza taratibu: tupunguze upepo kwenye matairi, trekta itashuka, itoke polepole, kisha tuijaze tena nje. Hakuinua hata macho. Alisema nisimharibie matairi kwa mambo ya vitabuni, akaanza kumpigia simu mchomeleaji aje akate boriti.

Mchomeleaji hakupokea. Okello akafika, akaizunguka trekta mara moja, akacheka.

"Mudir, hii ng'ombe imeshiba sana. Tutoe upepo kidogo, itainama yenyewe."

Mudir akapiga makofi. "Kweis, vizuri! Huyu ndiyo fundi!"

Maneno yangu yaleyale! Nilisimama pale nikingoja Mudir akumbuke nani aliyasema kwanza. Hakukumbuka. Okello mwenyewe hakuwa na kosa, nilipoyasema hakuwepo. Hilo nililijua wakati uleule, na halikunisaidia kitu. Wivu hauulizi nani ana haki.

Trekta ilitoka. Kebini ilipita chini ya boriti nafasi ikitosha kupitisha kisu tu. Watu wakashangilia. Mama wa chai akampa Okello kikombe cha bure. Mimi nilikuwa nimekunywa chai kwa yule mama tangu alipofungua kibanda, na sikumbuki kuongezewa hata sukari.

Ikabaki kujaza upepo. Kipimo cha upepo kilikuwa changu, nilinunua Eldoret kwa pesa yangu, na hakuna mwingine yadini aliyekuwa nacho. Okello akaniita.

"Ustaz, wewe iko na kipimo, mimi iko na njaa. Nisaidie."

Akaenda kula. Nikajaza ya mbele yote mawili, nikajaza la nyuma kulia kama kitabu kinavyotaka kwa mzigo. Nikahamia la nyuma kushoto. Nikasikia Mudir upande wa pili akimsimulia mgeni jinsi Okello alivyotoa trekta bila kukata chuma. Mkono wangu ukazima mashine.

Nilipima. Upepo haukufika nusu ya unaotakiwa. Tairi kubwa la trekta huyadanganya macho. Hata lenye upepo kamili hutuna kidogo chini, kwa hiyo ukilitazama huoni tofauti. Na nilikuwa nimesoma yanayotokea: ukivuta mzigo mzito, rimu huzunguka ndani ya tairi na kuing'oa valvu ya kujazia upepo. Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka trekta ikwame mbele ya watu na jina la Okello likwame nayo.

Okello akarudi akijifuta mdomo, akaniuliza kama tayari. Nikasema tayari. Hakupima tena. Aliniamini.

Kabla ya kufika Nesitu, kwenye mwinuko, valvu ilikatika. Tairi likajikunja, trela likaivuta trekta pembeni, saruji ikamwagika mtaroni. Okello aliruka na kuchunika mkono wote. Angeruka upande wa pili, leo ningekuwa naandika ungamo jingine. Ole wangu!

Jioni Mudir alitusimamisha wote wawili mbele yake. Alikuwa anafoka kwamba wazo la kutoa upepo ndilo lililoliua tairi lake. Okello hakujitetea kwa hilo. Alinigeukia tu.

"Ustaz, uliniambia tayari."

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Badala yake nilisema, "Nilikwambia ungoje nipime mara ya pili."

Okello akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza, akatoka yadini moja kwa moja. Mudir alikata gharama ya tairi kwenye mshahara wa mwisho wa Okello, na kesho yake akaanza kuuliza Ustaz yuko wapi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Kila aliponiita, nilikumbuka zile funguo mezani.

Nilivumilia msimu mmoja wa mvua, kisha nikamwambia Mudir ukweli wote. Nilidhani atafoka. Alisema polepole, "Mjinga ningemsamehe. Wewe ulijua." Akanifukuza siku hiyohiyo. Kazi nyingine nilipata, lakini mafundi walishasikia. Nikimaliza kujaza tairi, dereva huchukua kipimo na kurudia mwenyewe, mbele yangu. Sijawahi kumlaumu hata mmoja.

Ewe unayemwonea mwenzako wivu kazini, mwonee ukiwa mbali. Usiguse gari lake, wala chombo chake, wala chochote atakachokipanda akiamini mkono wako. Kama wazo lilikuwa lako, lidai papo hapo kwa mdomo, hata wakucheke. Kicheko kitaisha.

Nimekusanya alichokatwa Okello. Nimewauliza madereva wa Nimule, mpakani, nimetuma ujumbe hadi Gulu, na kila anayerudi ananiambia hajulikani alikohamia. Pesa yake iko kwangu, yote kamili: pauni elfu moja na mia nane.