Goti la Kaka Idi

Bado naisikia pikipiki ya kaka Idi ikikohoa uani kwetu Buyenzi kabla ya kuwaka. Juzi nilimwona kijana kwenye magongo, nikaikumbuka.

Idi alianguka nayo akifanya mazoezi ya mbio za kuruka vilima vya udongo. Plasta ya mguuni ilipotolewa, goti likagoma kukunjika. Mchana mmoja wa miaka ile ya vita, risasi zikilia milimani, akamuuliza mama, "Nitapanda tena?"

"Barabara yenyewe imefungwa, we unauliza kupanda. Shukuru Mungu unapumua, mwanangu."

Akageukia ukutani.

Leo najua goti si chuma. Siku ile, nikiwa mtoto, niliona dawa ni rahisi: fundi jirani, nati ikigoma, aliitia oili na kuiacha ilale. Idi aliposinzia, nikachota oili chafu kwenye kopo, nikampaka goti polepole, nikipuliza ili iingie.