Siku Nilipomwita Paulina Kwenye Ukungu

Jamani, hili jambo naona aibu kulisema, na wanaolijua (ambao ni Nangwa nzima, kijijini kwetu chini ya mlima, na nusu ya Gitting) huwa nawaomba wasilitaje mbele yangu, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini siku hizi nakimbia peke yangu na kwa nini ukungu ukishuka nageuza kurudi nyumbani, basi nitawaambia, ila mkicheka mcheke kwa sauti ya chini, maana ndani ya kisa hiki kuna mtu alikuwa amekufa.

Mimi ni mtu wa kuanza mambo. Kuanza sina shida, shida yangu ni kumaliza. Nilianza kujifunza cherehani, nikaona mwenzangu tuliyeanza naye ameshashona gauni la harusi na mimi bado napambana na kola, nikaacha. Nilianza kwaya, nikamsikia dada mmoja anavyoimba, nikaacha. Nilipanda miche ya parachichi, ya jirani ikashika haraka kuliko yangu, basi yangu nikawaachia mbuzi. Ukiangalia vizuri, yote yalikufa kwa ugonjwa mmoja, kwamba sikuwa naangalia langu limefika wapi, nilikuwa naangalia la mwenzangu.

Hayo yangeniishia mwenyewe, lakini binti yangu Happy, aliyekuwa kidato cha pili, akaanza kuchoka na shule. Siku moja nikamkuta amelala na sare imetundikwa ukutani, nikamuuliza kulikoni, akanijibu bila hata kukasirika, "Mama, mbona na wewe unaachaga?" Kanisani wakatangaza mbio za watu wote, kuanzia uwanja wa mpira, kupanda barabara ya kuelekea Gitting, kisha kuzunguka na kurudi uwanjani. Nikamwambia Happy, hizi utaniona namaliza, hata nikiwa wa mwisho kabisa, na yeye akasema akiniona namaliza atarudi shule.

Mazoezi nilifanya na jirani yangu Paulina. Huyu Paulina ni mwembamba, anakimbia kama hakanyagi chini, na kila siku huvaa sweta lake jekundu la mtumba, kwa hiyo kwa muda wote ule wa mazoezi kitu nilichokijua vizuri kuliko barabara ni mgongo mwekundu wa Paulina. Mwenyewe aliliona hilo. Aliniambia, "Mama Happy, wewe unakimbia unaniangalia mimi. Angalia njia." Nikamwambia sawa, na kesho yake nikaangalia mgongo.

Siku ya mbio tuliamka mlima haupo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba, ule mzito wa miezi ya baridi unaoingia mpaka kwenye nywele. Waandaaji wakasema njia imewekewa vitambaa vyeupe kwenye vijiti, kila njia panda fuata kitambaa. Nikavaa fulana na bukta (ndiyo, bukta, mimi mama mzima, niliona wenzangu wamevaa), tukaondoka kwa kusukumana, na hata hatujauacha uwanja nikawa sioni mtu.

Mwanzoni nilisikia miguu na watu wakiongea. Halafu sauti zikapungua, zikaisha, nikabaki na pumzi zangu. Mikaratusi ilikuwa inadondosha maji kama mvua wakati mvua hainyeshi. Kengele za ng'ombe zilikuwa zinalia pembeni yangu kabisa na ng'ombe simwoni hata mmoja, nikisogea zinasikika kwa mbele, nikisimama zinasikika kwa nyuma. Nikajiambia, mama, wewe kimbia, vitambaa si unaviona. Na kweli nilikuwa naviona, na mwili ulikuwa umekubali, na nakumbuka niliwaza kwamba leo namaliza.

Hapo ndipo nikauona mgongo mwekundu.

Ulikuwa mbele yangu, unaenda haraka bila kukimbia, unapotea na kurudi kadiri ukungu unavyojifunga na kujifungua. Moyo wangu ukasahau kumaliza na ukasahau Happy, ukataka kumpita Paulina tu. Nikaongeza mwendo. Tukafika njia panda, kitambaa cheupe kipo kushoto, nakiona kabisa kwa macho yangu, na ule mgongo ukaingia kulia kwenye njia nyembamba ya kupandia. Nilisimama kidogo tu. Nikasema Paulina anajua njia ya mkato, mjanja huyu, haniachi. Nikaingia kulia.

Kule juu kulikuwa kimya cha namna yake. Hata kengele ziliisha. Mgongo ukasimama, na mimi nikasimama, maana sikutaka anione nahema. Ukaanza kwenda, na mimi nikaenda. Kilichonisumbua ni kwamba haukugeuka hata mara moja, na Paulina ninayemjua lazima ageuke acheke. Basi nikaita, "Paulina." Mgongo ukashtuka kama umepigwa jiwe, ukaanza kukimbia. Nikaita tena kwa kuvuta, "Paulinaaa." Sauti yangu ikaenda ikagonga sijui wapi mlimani, ikarudi ikiwa nene, si ya kwangu. Kutoka kule mbele nikasikia mlio mwembamba, siwezi kusema ni kilio na siwezi kusema ni sala. Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikakaza mwendo, kwa sababu niliona umbali unapungua.

Tukapita katikati ya shamba la mahindi makavu, majani yananipiga usoni, naona wekundu unazama na kuibuka, halafu nyasi, halafu ardhi tambarare, na ghafla ukungu ukafunguka mbele yangu kama pazia, nami nikatoka mbio, mikono juu, bukta imejaa matope, nikipaza sauti kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, "Paulina, leo nimekukamata."

Nilikuwa nimesimama katikati ya msiba.

Turubai, watu wengi wamesimama wote wameelekeza macho pale nilipotokea, akina mama wameshikana, na mbele yao jeneza limefunguliwa sehemu ya uso. Juu ya jeneza kuna msalaba wa mbao wenye jina kwa rangi nyeusi. Jina lilikuwa Paulina.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Watu walirudi nyuma taratibu, wote kwa pamoja, wakaniachia nafasi mimi na jeneza. Chini, magotini, alikuwepo mwanaume mwenye koti jekundu, amefunika kichwa kwa mikono. Mikono yangu ilikuwa bado iko juu, nikaishusha polepole. Mzee mmoja mwenye fimbo akatoka mbele ya watu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaniuliza, "Wewe unamtafutia nini mke wangu?"

Nilijieleza. Sijui nilisema nini, nilianza na mbio, nikaenda kwenye sweta, nikarudi kwenye vitambaa, nikawaambia Paulina ni jirani yangu na yupo hai. Yule mwenye koti akainua uso. Jina lake Safari, kijana wa mwisho wa marehemu, alikuwa ameshuka basi asubuhi ile barabarani na anatembea haraka amwahi mama yake kabla jeneza halijafungwa. Alisimulia kwamba alisikia miguu nyuma yake kwenye ukungu. Alisimama asikilize, ile miguu nayo ikasimama. Alipoanza kwenda, ikaanza. Halafu ikamwita mama yake kwa jina. Alikuwa amefika pale muda huo huo, akawaambia ndugu zake kwamba kilichomchukua mama kinakuja, na wote wakageuka kuangalia ukungu, ndipo nikatokea mimi.

Shangazi mmoja alikuja akanifunga khanga kiunoni, akafunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yule mzee akaniambia, "Umemwita kwa jina. Hutaondoka kabla hajalala." Nikakaa. Nilikaa na akina mama mpaka mazishi, nikatupa udongo kaburini kwa mtu nisiyemjua, na mtu pekee aliyekataa kukaa mbele yangu akinipa mgongo alikuwa Safari.

Jioni walinishusha kwa pikipiki. Kabla hatujafika uwanjani nilisikia kipaza sauti kinaita jina langu kwenye ukungu, mara kwa mara, kwa sauti iliyochoka, na hapo nikaelewa kidogo alichosikia Safari. Wengine walikuwa wamemaliza zamani. Paulina alikuwa amekaa kwenye nyasi analia, na ndipo nikaambiwa kwamba muda wote alikuwa nyuma yangu, nilimpita pale pale tulipoanzia kusukumana. Nilikuwa namfukuza mtu niliyekwisha kumwacha.

Happy aliangalia matope, akaangalia khanga isiyo yetu, akasema tu, "Umeacha tena." Nikamwambia hapana, nimepotea, akageuka akatangulia nyumbani.

Wiki ile ile, ukungu ulipoondoka, nilienda mchana kweupe hadi pale njia panda, nikaingia kushoto, nikakimbia kile kipande chote kilichobaki mpaka uwanjani. Hakuna aliyepiga makofi, golini walikuwa mbuzi tu. Happy alikaa chini kwenye mstari wa kumalizia akinisubiri, na Jumatatu alivaa sare yake akaenda.

Tangu siku hiyo naangalia ardhi iliyo mbele ya miguu yangu, mgongo wa mtu siutaki. Safari nikimkuta mnadani ananisalimia vizuri kabisa, lakini hawezi kuondoka kabla sijaondoka mimi, mgongo hanipi. Na mtu kwenye ukungu, hata awe mwanangu, simwiti tena kwa jina.