Visanduku Kumi na Kimoja vya Mugwaneza

Jirani yangu Mugwaneza anashona mapazia hapa Kamembe, upande wa Rwanda, na ukimuuliza mtu yeyote atakwambia mama huyu ni mkali. Akiona pazia limetundikwa vibaya anakasirika, hata kama ni la ofisi ya watu na hakuna aliyemwomba maoni. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya daraja upande wa Kongo, akavuka kuja huku mwaka 1995, na kwa miaka mingi mtaani walimwita Mkongomani mpaka wakachoka wenyewe. Hakulipenda jina hilo. Aliyoyachukia zaidi ni yale yaliyofuata baada yake, kwamba watu wa ng'ambo ni wajanja, mkono wao mwepesi, ficha vyombo vyako.

Kitu alichokipenda kilikuwa kidogo mno: visanduku vya kaure vya Kifaransa, vya zamani, vinavyoenea kwenye kiganja, vyenye kifuniko na bawaba ya shaba. Mabibi wa Kibelgiji walihifadhi humo pete na hereni. Nyumba zao kule Bukavu zilipobadilisha wenyewe, vitu hivyo viliishia sokoni Kadutu, na wanawake wanaovuka daraja na mizigo wakikiona kimoja walijua nani atakipokea. Cha kwanza, chenye umbo la limau na jani la kijani, alikipata kwa kumshonea mama mmoja mapazia ya sebule nzima. Mimi nilidhani amerogwa.

Alijifunza mwenyewe. Kaure ya kweli ukiiwekea tochi kwa ndani, mwanga unapita. Ua lililochorwa kwa mkono lina alama za brashi, la mashine lina vidoti vidoti. Akiletewa cha bandia alikirudisha bila kupoteza neno. Na hakuvipanga kwa mstari kama chupa za baa, la hasha. Vitatu vilikaa dirishani kando ya pazia jeupe, kimoja juu ya vitabu viwili vya zamani, kile cha kasuku kwenye rafu ya bafuni, ambako mgeni alikikuta peke yake akatoka akitabasamu. Miaka kumi na tisa, visanduku kumi na kimoja. Sebule yake ni ndogo kuliko yangu, lakini watu walikuwa wakiingia kwangu wakakaa, wakiingia kwake wakatazama.

Mwaka jana binti yake, Uwineza, aliposwa na Gad, kijana wa Bukavu. Sherehe ya kuposa, ile wanayoiita dot, ilifanyika Cyangugu, katika ukumbi ulio karibu na ziwa. Mugwaneza aliipamba meza ya wazee wa upande wa Gad kwa mkono wake, na kwa heshima yao akaleta visanduku vyote. Marehemu mama yake alimlea akimwambia kwamba chombo hakiwekwi kitupu mbele ya mgeni. Basi ndani ya kila kimoja akatia lozi tatu za sukari, zile wanazoziita dragée.

Sasa, kule Bukavu dragée ndani ya kisanduku ni zawadi ya mgeni. Unakula au unaziacha, lakini kisanduku unakwenda nacho nyumbani kama kumbukumbu. Mugwaneza alikulia huko, alilijua hilo vizuri sana, na siku ile lilimtoka kichwani kabisa.

Aliporudi kutoka jikoni kuwaaga wakwe, meza ilikuwa na kitambaa tu. Mama yake Gad alikuwa anafunga mkoba wake, na kabla haujafungwa tuliliona lile jani la kijani.

"Merci mingi, Maman," alisema akimkumbatia. "Batu ya huku muko na roho muzuri. Souvenir kama hii sijapata kuona."

Mugwaneza alisema karibu sana. Gari likaondoka.

Kaka yake, Cassien, alitoa simu palepale. "Nabaita. Bado habajafika ku daraja."

"Weka simu, Cassien," alisema Mugwaneza. "Unataka batu baseme bakwe ba Uwineza ni bezi? Yeye ndiye ataishi nabo."

Mimi ningepiga, nasema kweli. Yeye alikwenda nyumbani, akalala siku mbili. Dirisha lilibaki tupu, na hakuruhusu mtu aweke kitu pale.

Miezi mitatu baada ya harusi tulivuka kwenda kumsalimia Uwineza, mimi nikimsindikiza. Mama yake Gad alitukaribisha vizuri, akaulizia habari za kila mtu. Juu ya friji nililiona lile limau, kati ya redio na maua ya plastiki. Mugwaneza naye aliliona. Akaangalia sakafu.

"Maman Uwineza," mwenyeji alisema, "nataka uniambie ukweli. Tule tusanduku twa siku ya dot, mulitupatia, ao tulijikamatia? Wifi yangu Bashige anasema ilikuwa décor tu, ya kupamba meza. Tangu aseme vile, silali muzuri. Kama ni twenu, sema. Nitapita kwa kila muntu, nitatukusanya twote."

Uwineza alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alijua, na alimtazama mama yake bila kupepesa. Neno moja tu, na miaka kumi na tisa ingerudi Kamembe ndani ya mfuko. Na Bashige angekuwa na la kusimulia kila msiba na kila harusi, mpaka wajukuu wasikie.

"Ni twenu," alisema Mugwaneza. "Tulibapatia. Nani anakopesha bakwe zawadi?"

Mama yake Gad alicheka mpaka akapangusa macho. Aliinuka kwenda kulichukua lile limau ili tulitazame pamoja, akaanza kulifungua kwa kuvuta jani. Bawaba ikalia.

"Hapana, si vile!" Mugwaneza alishalifikia. Sauti yake ilikuwa ile ya mapazia. Kisha akaishusha. "Jani usivute, Maman. Shika chini, halafu sukuma na kidole. Polepole."

Akamwonyesha, akamrudishia, akamfanya ajaribu. Mara ya kwanza lilikwama. Mara ya pili pia. Mara ya tatu kifuniko kilipanda chenyewe, na mama yake Gad akashangilia kama amefungua benki.

Mugwaneza alimpongeza. Aliumia, uso wake wote ulisema hivyo, lakini mwenyeji alikuwa anaangalia limau. Halafu Mugwaneza akalichukua kwa mikono miwili, akaliweka mwenyewe juu ya friji, kati ya redio na maua ya plastiki, akalisogeza kidogo lisiwe ukingoni, akarudi kukaa na kuomba sukari.